Uzito wa Trei

Erie, Pennsylvania
9 Februari 2017

Mdogo wangu Leonard,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mkeo Joanne. Mimi ni mzima. Sukari inapanda na kushuka kama kawaida yake, lakini daktari bado ananichekea nikiingia. Theluji imefika madirishani na ziwa limeganda. Masikio yako vipi? Najua miaka yote hiyo ya msumeno wa nyama imekufanya usielewane na simu, ndiyo maana naandika.

Nina jambo la kukuuliza. Tangu nipatikane na sukari napima kila ninachopika. Juzi nilinunua kuku pale Kesterman ya mtaa wetu. Lebo inasema ratili tatu kamili. Nikaweka kwenye mizani yangu, nyama peke yake: ratili tatu kasoro wakia mbili. Nikarudi dukani. Mkuu wa duka, bwana mmoja anaitwa Purcell, akaniambia, "Mama Kubiak, mizani za jikoni ni za kuchezea."

Nikaenda posta na kuku wangu ndani ya mfuko. Karani akasema, "Unampeleka wapi huyu?" Foleni nzima ikacheka. Lakini alimpima, Leonard, na mizani ya posta ikasema sawasawa na yangu.

Wewe umekata nyama Kesterman ya huko Bradford miaka ishirini na tisa. Hizo wakia mbili zimekwenda wapi?

Dada yako akupendaye,
Bernadine


Bradford
27 Februari 2017

Dada Bernadine,

Barua imefika. Sisi hatujambo, ila Joanne goti linamsumbua na mimi sisikii hata mlango ukibishwa, jambo ambalo lina faida zake.

Dada, tangu ustaafu jikoni kwa watu umekosa wa kumpigia kelele, sasa umeamua kumwonea kuku! Nyama inatoa maji. Ile pedi nyeupe chini ya trei unadhani ni ya nini? Mteja akifika nyumbani kuku ameshapungua, hakuna ajabu yoyote. Achana na Purcell, ana wasiwasi wake wa kutosha. Kula kuku wako.

Nimebakiza miaka miwili na ushei kupata pensheni kamili. Nikishastaafu nitakuja huko tuvue samaki kwenye barafu.

Mdogo wako,
Leonard


Erie
15 Machi 2017

Leonard mdogo wangu,

Natumaini goti la Joanne limetulia. Mwambie ajifunge kabichi lililopondwa, kama mama alivyokuwa akifanya.

Nimesoma habari zako za maji. Basi mimi na akina mama wa parokia tumenunua vifurushi arobaini, kutoka Kesterman nne tofauti. Tumepima vyote, pamoja na pedi na maji yake. Trei ndogo, inakosekana wakia moja. Trei kubwa, zinakosekana wakia mbili. Iwe kuku, iwe nguruwe, iwe ng'ombe, ni vilevile. Nyama ingekuwa inakauka, kila kifurushi kingekauka kivyake. Hii ni trei, Leonard. Tunauziwa trei kwa bei ya nyama.

Nimempata wakili, binti anaitwa Anita Desrosiers. Anasema si kesi ya kuku mmoja. Kesterman ina maduka katika majimbo matatu, na mteja mmoja anaweza kusimama mahakamani kwa niaba ya wote walionunua nyama pale. Akaniuliza kama niko tayari jina langu liwe la mbele. Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa.

Hukujibu swali langu la kwanza. Nimeona.

Dada yako,
Bernadine


Bradford
2 Aprili 2017

Dada,

Sisi wazima.

Hapa kazini kila mtu anazungumzia kesi. Wanamwita "yule bibi wa mizani." Hawajui kuwa Kubiak ni jina la marehemu shemeji na kwamba wewe na mimi tumetoka tumbo moja. Naomba wasijue. Nina nyumba ambayo sijamaliza kuilipia na mke anayehitaji goti jipya, na bima yetu inatoka kwenye mikono hiyohiyo unayoishitaki.

Usiniandikie mpaka mambo haya yaishe.

Leonard


Erie
12 Novemba 2018

Leonard,

Nimekaa kimya mwaka mzima na nusu kwa sababu ulitaka hivyo. Nilisikia kwa binamu kwamba Joanne amefanyiwa upasuaji na anatembea. Nimefurahi sana. Mimi nipo, nimekonda kidogo.

Leo navunja amri yako kwa sababu moja tu. Mwezi uliopita mawakili wa Kesterman walinihoji kwa kiapo kwa muda wa saa saba, na dakika ishirini za kula. Waliniuliza kama sukari hunichanganya akili. Waliniuliza nimepoteza funguo mara ngapi mwaka huu. Mmoja wao, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akasema, "Bi Kubiak, je, inawezekana unafanya haya kwa sababu ya upweke?" Nikamwambia, "Mwanangu, nina marafiki tisa na paka. Uliza kuhusu nyama."

Lakini si hilo. Wamewasilisha majibu yao mahakamani, na wanasema hivi: kampuni iliagiza uzito wa trei utolewe kila mara, na kama haukutolewa, ni uzembe wa wakataji nyama wachache wasiofuata maelekezo.

Wakataji nyama, Leonard. Sijawahi kukutaja kwa mtu, hata kwa Anita. Wao ndio wamekutaja.

Bernadine


Erie
20 Januari 2019

Leonard mdogo wangu,

Hukujibu, nami sikutegemea. Heri ya mwaka mpya kwenu wote wawili.

Nakuandikia ujue kilichotokea kabla hujakisikia kazini. Kampuni imetaka tusuluhishe. Kila mteja apewe vocha ya kununulia vitu, wapi? Kesterman hiyohiyo. Mizani zibaki kama zilivyo. Na yale maneno ya uzembe wa wakataji yaingie ndani ya makubaliano, tuyatie sahihi sote. Mimi kwa usumbufu wangu nipewe dola elfu tano.

Anita alinisomea yote, kisha akavua miwani. Ana miaka thelathini na nne na macho yamemwingia ndani kama bibi. Akasema, "Bi Kubiak, sikufichi. Wana makaratasi yanayosema walitoa maagizo mazuri. Sisi tuna mizani. Bila mtu wa ndani, jaji anaweza kutuangusha tukakosa hata vocha."

Nikamwambia siwezi kutia sahihi uongo kuhusu watu ambao hawakuwepo kujitetea. Akaniuliza kama namjua mkataji nyama yeyote. Nikasema, "Kwa leo, hapana."

Nimekataa zile elfu tano. Paa langu linavuja juu ya kitanda cha wageni, nimeweka ndoo. Sikuombi kitu.

Dada yako,
Bernadine


Bradford
8 Februari 2019

Dada yangu Bernadine,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, usingizi ndio umekimbia.

Nitakuambia jinsi ilivyokuwa, na unisome mpaka mwisho.

Zamani, kabla ya kupima, tulikuwa tunaweka trei tupu kwenye mizani na kubonyeza kitufe, namba inarudi sifuri, ndipo unaweka nyama. Ni kazi ya sekunde moja. Mwaka 2012 akaja meneja wa kanda. Akatukusanya nyuma ya jokofu, akasema mashine mpya zinafanya zenyewe, kile kitufe tusikiguse tena. Wiki hiyohiyo nikajaribu. Niliweka trei tupu, mashine ikaandika wakia moja. Nikamfuata kwenye gari lake nikamwambia, "Bosi, haitoi." Akasema, "Leonard, wewe unakata. Mashine inahesabu. Au unataka kubadilishana nayo kazi?"

Nikarudi ndani nikavaa aproni.

Kwa hiyo uliponiuliza habari za kuku, nilijua. Nilijua kabla hujanunua mizani. Nilikuandikia habari za maji na pedi, nikakufanyia mzaha, huku najua. Nimepima hivyo miaka saba, dada. Kuna mzee hapa anaitwa Haskell, kila Ijumaa ananunua kipande kimoja cha nguruwe, kimoja tu, na kila Ijumaa nampa trei kwa bei ya nyama na kumwambia, "Karibu tena."

Wangeniacha na aibu yangu ningekaa nayo kimya mpaka kaburini. Lakini kusema ni uzembe wangu! Mimi niliyemfuata mtu yule mpaka kwenye gari!

Mwambie wakili wako jina langu. Joanne amelia usiku kucha, asubuhi akapiga pasi shati langu la kanisani, akalitundika mlangoni.

Mdogo wako,
Leonard


Erie
13 Februari 2019

Leonard,

Nimesoma mara tatu. Kwanza nilikasirika, na sitakuficha: miaka miwili nimeambiwa nimechanganyikiwa, na mtu pekee aliyejua sijachanganyikiwa alikuwa ndugu yangu. Nilitoka nje nikazoa theluji kwa koleo mpaka mikono ikauma.

Sasa nimekaa. Sikiliza. Kama unakuja kwa ajili yangu, usije. Watakufukuza, Anita anasema sheria inakulinda lakini watatafuta sababu nyingine. Umebakiza miezi kumi. Fikiri tena wewe na Joanne, kwa sababu ukishasema chini ya kiapo hakuna kurudisha maneno.

Ukiamua kuja, kuna kitanda, na ndoo nimeisogeza.

Dada yako siku zote,
Bernadine


Bradford
30 Mei 2019

Dada Bernadine,

Nashukuru kwa siku zile nne na kwa pierogi zako za kujazwa viazi. Nilifika salama.

Mahojiano uliyaona kwa macho yako, lakini Joanne ameniambia nikuandikie yale ambayo hukusikia, maana ulikuwa umekaa mbali. Yule kijana wa viatu alianza kuzungumza polepole kwa sauti ndogo, makusudi, ili nimwombe arudie. Nilimwomba mara sita. Mara ya saba nikamwambia, "Kijana, masikio yangu yameziba nikikatia kampuni yako nyama. Paza sauti, au andika." Karani alicheka mpaka akakosea kuchapa.

Akauliza, "Bwana Wojtas, unakiri kwamba ni mkono wako uliobandika lebo hizo?" Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo kosa ni lako?" Nikasema, "La kwangu nimelibeba nikalileta hapa. Meneja wa kanda yuko wapi na la kwake?"

Jumatatu niliporudi kazini kadi yangu haikufungua mlango. Wamesema nimechelewa mara tatu mwezi wa Machi. Miaka thelathini na moja, dada, na sababu ni kuchelewa. Vijana wawili wa idara yetu walinifuata mpaka kwenye maegesho. Mmoja akanikabidhi visu vyangu vimefungwa kwenye taulo. Akasema, "Mzee, Anita anapokea simu saa ngapi?"

Nimempa namba.

Leonard


Erie
22 Oktoba 2019

Mdogo wangu mpenzi,

Nyote hamjambo? Mimi sijambo, na leo nasema hivyo kwa dhati.

Jaji amepitisha makubaliano mapya. Wakataji saba wametoa ushahidi baada yako, na kampuni haikuwa na hamu ya kumsikia wa nane. Watu watalipwa pesa taslimu, si vocha. Mizani zote za majimbo matatu zitakaguliwa na watu wa nje kwa miaka mitano, na matokeo yabandikwe ukutani mteja ayasome. Lile neno la uzembe limefutwa. Wewe unalipwa pensheni yako kamili, hilo Anita amelipata kando.

Hawakukiri kosa. Jaji aliponipa nafasi nikasema, "Mheshimiwa, ningependa waseme tu kwamba walifanya." Akaniambia kwa upole kwamba suluhu haina kukiri ndani yake. Nikakaa. Hilo linanichoma na litaendelea kunichoma.

Kuna jambo jingine. Mtu hapati kitu asipojaza fomu, na mwisho ni tarehe 31 Januari. Anita anasema katika kesi za namna hii watu kumi wakidai haki yao, tisini hawaifungui hata bahasha. Wanadhani ni utapeli. Nimeanza kupita parokiani. Nakutumia fomu mia mbili. Ninyi mliofanya kazi pale hamruhusiwi kudai, najua, lakini una miguu.

Dada yako,
Bernadine


Bradford
19 Desemba 2019

Dada Bernadine,

Salamu za Noeli kutoka kwetu. Joanne anapanda ngazi bila fimbo.

Napita nyumba kwa nyumba tangu mwezi uliopita. Wengi wananijua kwa aproni tu, wakiniona na koti hawanitambui mpaka niseme. Kituo cha wazee walijaza fomu thelathini na tano kwa mchana mmoja. Pale kwenye kitongoji cha nyumba za magurudumu nilifukuzwa na mbwa, nikarudi kesho yake na mifupa.

Jana nilibisha kwa Bi Orpha Tennant, mtaa wa juu. Mumewe amelala kitandani mwaka wa tatu. Nikaanza kumweleza habari za mizani. Akanitazama sana, kisha akanyoosha kidole karibu kunitoboa jicho.

"Wewe! Si wewe uliyekuwa unanipimia?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Mlango ulikuwa unafungwa. Nikaweka mguu.

"Ndiyo, mama. Ni mimi niliyekupimia, na nilikupunja. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Jina unaandika hapa juu, sahihi pale chini."

Akaufungua mlango tena, baridi ikaingia ndani kwake. Kisha akasema, "Kalamu iko wapi?" Akajaza. Akaniuliza kama dada yake anayeishi ng'ambo ya barabara naye anaweza kupata, akavaa viatu akanipeleka.

Nitumie fomu nyingine mia moja kabla ya Jumatatu. Hizi zimeisha.

Mdogo wako,
Leonard