Saa Kumi na Moja Angani

Guangzhou, China

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Dawa unameza, au unamwonyesha dada Zainabu kidonge kisha unakificha chini ya mkeka? Nakujua. Mimi ni mzima, bado nafunga mizigo ya wafanyabiashara na mgongo unalalamika kidogo.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Kwani huko ni mbali kiasi gani?" Nikababaika. Miaka yote hii sikuwahi kupima. Ofisini kwetu kuna tufe la dunia, basi nikachukua uzi wa kushonea magunia nikauvuta kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Nilidhani utapita Uarabuni, maana ndiko nilikobadilishia ndege wakati nakuja. Kumbe unakatiza kusini mwa India, halafu ni bahari tupu. Kilomita elfu nane na mia saba hivi! Ndege isiyotua njiani inakwenda kama saa kumi na moja. Mama, si sawa na basi la Dar mpaka Singida? Na huku tumewatangulia saa tano, kwa hiyo ukipaa saa nane mchana, unatua Dar saa mbili usiku wa siku ileile. Bado najiuliza hizo saa tano zinakwenda wapi.

Nilifurahi sana kuona si mbali hivyo, maana Zainabu kaniambia umemwagiza Mjomba kwamba siku yako ikifika usizikwe mpaka nifike. Nikasema, saa kumi na moja tu, nitawahi. Kisha nikahesabu vizuri. Ndege hiyo hairuki kila siku. Uwanjani wanataka ufike saa tatu kabla. Kutoka Dar kuna treni hadi Dodoma, halafu basi, Manyoni, Ikungi, ndipo nyumbani. Hata kila kitu kikininyookea, ni zaidi ya siku nzima. Baba alifariki alfajiri, akazikwa baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa Dar tu, na nilikuta kaburi limeshamwagiwa maji. Mpaka leo naumia.

Kwa hiyo mwambie Mjomba asimsubiri mtu. Usimwachie ugomvi na sheikh kwa ajili yangu. Nimeomba likizo, bosi amenuna, lakini amekubali. Barua hii anakuletea Mama Rukia wa duka la vitenge, anaondoka kesho. Mimi nafuata baada ya wiki mbili. Nimeandika kwa sababu simu ikikatika maneno yamekwisha, lakini hii Zainabu atakusomea hata mara tatu.

Nisalimie huyo dada yangu, mwambie nimeuona uvumilivu wake. Nisalimie Mjomba huko Ihanja, na Bi Mwanaidi jirani anayekupikia uji.

Kuku usimchinje mapema, ndege huchelewa. Nataka nikukute mlangoni umekasirika, unaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo.

Mwanao,
Hamisi