Awuor Alishuka Nyakanazi

Buzuruga, Mwanza
8 Septemba 2025

Mama, shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, ila koo limekauka kwa mazoezi. Kwaya yetu ya chuo imealikwa kuimba Kigali, na mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo! Tunaondoka Ijumaa kwa basi la kukodi, pamoja na Mwalimu Paulo. Najua utaogopa kwa sababu ya kaka Ojwang. Naomba baraka zako, Mama.

Mwanao,
Awuor

Shirati
9 Septemba

Marahaba, binti yangu. Mgongo unauma vilevile. Nimesoma ujumbe wako mpaka samaki wakaungua jikoni. Ojwang naye aliniaga vizuri, shati limepigwa pasi. Waliopona kwenye ile ajali walinisimulia kwamba wote waliona dereva anakimbiza mno, na kila mmoja aliona aibu kusema. Hilo linaniuma kuliko kaburi lenyewe. Siwezi kukukataza, Mungu hakukupa sauti hiyo uwaimbie kuku wangu. Nenda. Ila ukiogopa, sema. Wasiposikia, shuka.

Mama yako

Nyakanazi
12 Septemba

Shikamoo Mama. Hujambo huko? Sisi tumesimama kula. Tangu Geita gari linanuka kama mpira unaoungua, na kwenye mteremko dereva alikanyaga breki mpaka akainuka kitini. Nimemwambia Mwalimu. Dereva amecheka tu: "Huyu dada anataka kunifundisha kazi?" Mbele ni milima na pori mpaka mpakani. Mwalimu anasema anayeogopa abaki. Rafiki yangu Winnie ananivuta nirudi kwenye siti. Mama, naogopa. Chaji inaisha.

Awuor wako

Shirati
13 Septemba

Awuor, hujambo mwanangu? Ulishuka? Napiga, simu haipatikani. Nijibu neno moja tu.

Mama

Shirati
14 Septemba

Mwanangu, redio imesema basi limeanguka karibu na mpaka. Hawakutaja ni la nani. Simu ya Mwalimu nayo haipatikani. Majirani wameanza kuja, wanakaa uani. Mama Antoni ameleta viti. Nimemwambia avirudishe, amejifanya hasikii. Kama nilikukosea kukutia hofu, nitukane, lakini jibu.

Mama

Nyakanazi
16 Septemba

Mama, nisamehe. Niko hai.

Nilishuka peke yangu. Nilihangaika na begi, gari likaondoka na simu yangu ikiwa kwenye siti, na namba yako sikuikariri. Mama Yakobo, anayeuza chakula hapa stendi, alinilaza kwake. Habari za ajali zilipofika nilijua ni wao. Nilimlilia Winnie mpaka Mama Yakobo akanishika. Kumbe lilikuwa basi jingine.

Leo wamerudi. Nilisikia wanaimba kabla sijaliona gari. Kule Kigali Winnie ndiye aliyeanzisha nyimbo, wakashangiliwa sana. Dereva akafungua mlango: "Mwoga, panda twende." Wakacheka, hata Mwalimu. Aibu ilinichoma, Mama. Nilishaweka mguu kwenye ngazi. Nikautoa.

"Sipandi mpaka fundi aangalie breki."

Dereva akapiga honi. Winnie akashuka, akanirudishia simu yangu, akasimama nami. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Fundi aliyeitwa hapa stendi alifungua tairi la nyuma, akainama kuchungulia. Kisha akamuuliza dereva, "Na hili mmetoka nalo Kigali?"

Breki zilikuwa zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Mwalimu aliketi vumbini na suti yake. Tumetafutiwa gari jingine, fundi amelikagua, lakini bado naogopa. Naogopa hata kufumba macho.

Mwanao,
Awuor

Shirati
16 Septemba

Awuor, binti yangu, hujambo, hujambo, hujambo.

Nimeusoma ujumbe wako kwa sauti pale uani. Nilipofika kwenye neno "hai", Mama Antoni aliangua kilio kana kwamba sasa ndiyo umekufa. Nimewaambia watu waende makwao. Hawataki, wanasema wanakusubiri wewe. Sukari imekwisha, wameagiza nyingine.

Mimi sijainuka hapa nilipokaa. Ukifika Mwanza usinipigie simu, wala usiniandikie. Sitaamini. Njoo nikushike.

Mama yako