Maji Yana Dawa

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na watoto. Hamjambo? Na lile goti lako, bado linakugomea kwenye ngazi? Mimi nipo. Kula nakula nikikumbuka, ila usingizi na mimi tumekosana. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nitalia, nawe utalia, na habari itabaki palepale.

Kwanza nikupe habari za mwanao, huyu binti niliyemzaa mimi. Unajua sisi hatukusoma. Mimi niliishia darasa la tano, na mwandiko wangu unauona. Lakini mwanao, aliyetoka tumbo hilihili, amekuwa msimamizi wa maji kwenye machimbo ya changarawe kule mtoni! Siku alipopewa kofia ngumu nilimtembeza mtaa mzima akiwa nayo kichwani. Akaninong'oneza kwamba namtia aibu. Nikamwambia anyamaze, aibu ni yangu na nimeipenda.

Kazi yenyewe nimeiona kwa macho. Changarawe inachotwa ukingoni, inaoshwa kwa maji ya pampu, na maji yale yanatoka mazito kama uji. Yakirudi mtoni hivyo, samaki hawaponi. Kwa hiyo yanapitishwa mabwawa matatu. La kwanza linabakiza mchanga. La pili mwanao anatia unga mweupe, tope linashikana, linazama lenyewe. Yakifika la tatu, dada, unahesabu mawe ya chini! Niliinama nikajiona mpaka mwanya wangu.

Sasa mashine zilichimba chini mno, kisima cha mtaa kikaanza kutoa tope. Watu wakaninunia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mtoto huko. Jioni moja, mwanao akivua mabuti, nikamuuliza maji ya bwawa la tatu ameyafanya nini mpaka yakawa vile. Akajibu kwa uchovu wake kwamba ameyatia dawa. Basi. Maji yaliyotiwa dawa, kama yale ya bomba la mjini, nani asiyeyajua?

Kesho yake alipelekwa machimbo mengine kufunga pampu, akakaa huko wiki nzima. Mimi huku nikaingia mtaani. Nilianzia kwa jirani yangu, fundi cherehani, yule aliyezoea kunitania kwamba siku nikikosa cha kumsifia mwanangu nitakisifia kivuli chake. Nikamwambia akachote bwawa la tatu, ni maji ya mwanangu, yana dawa. Akacheka, akasema leo Mama Sifa kaleta la maana, akabeba ndoo. Wakamfuata wengine, wakipenya kwenye tundu la uzio. Nilisimama pale nikiwapangia foleni kana kwamba bwawa nimelizaa mimi.

Mdogo wangu, dawa ile ni ya kushusha tope tu. Haiui kitu. Kwenye mteremko wa juu ya mabwawa kuna vyoo vya shimo vya wafanyakazi. Mwanao alikwisha omba vihamishwe, mabosi wakamwambia asubiri mvua ziishe. Mvua ikavihamisha yenyewe.

Watu wakaanza kuhara na kutapika, nyumba kwa nyumba. Mimi nilishikwa, nikapona. Fundi cherehani hakupona. Cherehani yake bado iko barazani, na mkono wa gauni la mtu umebanwa chini ya sindano. Napita pale nikitazama upande wa pili.

Ukaitwa mkutano. Mabosi wakasema wao hawajamruhusu mtu kunywa maji ya kuoshea changarawe, wakauliza nani aliyesema yanafaa. Macho yote yakanigeukia. Nikafungua mdomo. Mimi huyu, unayenijua, nisiyenyamaza hata msibani! Hakikutoka kitu. Mwanao akasimama mbele yangu, akasema ni yeye aliyemwambia mama yake kwamba maji yanafaa kunywa. Kofia akavuliwa palepale, askari wakamchukua. Yuko mahabusu mpaka leo.

Hakusema hivyo, mdogo wangu. Nakuapia kwa kaburi la mama. Alisema ameyatia dawa. Ya kunywa niliongeza mimi.

Sauti iliporudi nilikwenda kituoni nikaeleza yote. Askari akanipa kiti, akanisikiliza vizuri, kisha akasema hakuna mama asiyejitoa kwa ajili ya mwanawe. Nikamwambia awaulize majirani. Akawauliza. Wakamwambia huyo mama kwa kumpamba binti yake hajambo, asimsikilize. Nilipopata nafasi ya kumwona mwanao, aliniambia nirudi nyumbani, eti sakafu ya mahabusu ina unyevu na mimi nina kifua. Nimewaeleza wote, mpaka mpita njia. Wananionea huruma. Hakuna anayeniamini.

Ndiyo maana nakuomba uje. Wewe ni mkimya, tangu utotoni ukisema neno watu wanalipokea. Nenda kwa askari wewe. Lakini nikifika hapa kalamu inanisimama, maana watakuuliza umejuaje, na utajibu umesikia kwangu.

Njoo hata hivyo. Mletee mwanao shuka zito na sabuni. Na maji, uje nayo kutoka huko kwako.

Nisalimie shemeji, wapakate watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
mama yake.