Kitako cha Bunduki ya Mwalimu

Ngara Mjini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, kifua kimetulia au bado anakohoa na kusingizia moshi? Mimi mwili ni mzima na chakula hakijanipiga chenga, ila moyo hauko mahali pake. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani hupokelewa na yeyote aliye karibu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Kwa hiyo barua nimempa Shangazi, aliyekuja huku msibani, akukabidhi mkononi.

Alikuja karakanani Mwalimu Kalisto, mstaafu anayekaa Murukulazo, mtu mpole anayeongea taratibu. Alileta mti wa bunduki, ile sehemu yake ya mbao, umefungwa kwenye khanga. Nilipoufungua niliruka nyuma, nusura niangushe randa. Akacheka, akanionyesha kibali cha polisi. Bunduki ni ya babu yake aliyekuwa askari wa Mjerumani, haipigi tena, na chuma chake kipo kituoni. Mwalimu anataka mti urudi ulivyokuwa, kisha aipeleke yote makumbusho. Kitako kilikuwa kimekatwa kikabaki kifupi cha kushikwa kwa mkono mmoja, na mwishoni kikazibwa kwa kibao.

Nikaikubali kazi, maana unajua ninavyoupenda mti wa zamani. Nikishachonga kidogo nakwenda kituoni, napaka chuma masizi ya kibatari, napachika mti, nautoa. Panapobaki weusi ndipo panapobana, napunguza. Askari ananitazama muda wote huku anatafuna karanga.

Kilichonitia hofu kweli ni kile kibao. Nilipokwangua rangi nyeusi niliona kimeshikwa na vigingi vya pembe tatu, vimepigwa mshazari, vimepishana. Baba, nani mwingine anafanya hivyo? Mafundi wote ninaowajua hutoboa kwa keekee wakapiga kigingi cha duara. Ni wewe uliyenifundisha kwamba cha duara huzunguka mti ukikauka, na nilipobisha ukanizaba kofi la kisogoni. Nilikaa chini kwenye maranda.

Nilijipa moyo kwamba labda mwindaji fulani aliwahi kuja kwako. Kisha Mwalimu akarudi kutazama kazi, akanisimulia. Bunduki ile iliibwa nyumbani kwake miaka ile magari yalipokuwa yanavuka pori la Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi. Majambazi waliikata ili ifichike ndani ya koti. Mdogo wake, dereva wa lori, aliuawa nayo humo porini. Nikajifanya natafuta patasi ili asiuone uso wangu.

Akakiokota kibao pale mezani, akapitisha kidole juu ya alama za vigingi. "Fundi, mkono wa fundi mwenzio si unaujua? Huyu ni nani?"

Nikasema simjui.

"Waliomuua walifungwa," akasema. "Huyu simtafutii jela. Nataka tu aniambie, tukitazamana, kama alijua anakata nini."

Akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Biharamulo. Akauliza huko mafundi wazee waliobaki ni akina nani. Wakati nahangaika kutafuta jibu, Sefu, mwenzangu wa karakana, ambaye hajui lolote, akajibu kutoka kwenye meza yake kwamba mzee kuliko wote ni baba yangu, yuko Bisibo. Mwalimu akafurahi sana. Alisema basi ataanzia kwako, wiki ijayo baada ya Jumapili. Kibao akakifunga kwenye khanga yake, akaondoka nacho.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Pikipiki ikisimama nje nadhani ni yeye amerudi, au ni polisi. Kitako kipya nimekiunga kwa mninga, rangi imekubaliana na mti wa zamani, lakini kwa hofu nimepiga vigingi vya duara, mara yangu ya kwanza tangu uniachie patasi. Vitazunguka, najua. Naona haya.

Sasa naomba uniwie radhi kwa ninalolisema. Mlango wa karakana yako hukuwahi kuufunga mchana, hata mvua ikinyesha. Lakini nakumbuka siku moja, nikiwa mdogo, alikuja mgeni na kitu ndani ya gunia, ukatutuma sote kisimani, na tuliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Sijawahi kukuuliza. Huenda alikuletea mti tu na uongo juu yake. Huenda ulitishwa. Naogopa majambazi wale walikutisha, na naogopa zaidi kwamba hawakuhitaji kukutisha.

Mama msalimie, ila barua hii usimwonyeshe. Bibi mwambie ugoro wake uko kwa Shangazi, asikubali kuambiwa umepotea njiani. Dada Adelina nampongeza kwa mtoto, na shemeji mwambie mlango wa jiko aliouomba nitaufanya, asinisimange tena kanisani. Majirani wote wa upande wa kisimani nawasalimu.

Limebaki moja, Baba. Kile kiti chako cha kuegemea pale sebuleni ndicho anachokaribishwa kila mgeni wa heshima. Sehemu za kuwekea mikono umezishika kwa vigingi vile vile, na vidole vya anayekikalia hutua juu yavyo. Mwalimu akikaa tu, atajua. Kama hukujua ulichokuwa unakata, mkaribishe hapo hapo, umweleze. Kama ulijua, mimi siwezi kukushauri, utakipeleka kiti uani mwenyewe kabla hajafika.

Nitakuja mwisho wa mwezi. Nikishakuamkia, nitatazama kiti kiko wapi.

Mwanao anayekuombea,
Evarist