Chuma Kwenye Pindo

Jumatatu, 6 Agosti 1934
Mbegani tena. Bwana Mpimaji anapima sumaku ya ardhi hemani mwake; anasoma namba, mimi naandika. Mwalimu wangu ndiye aliyenipeleka, kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri. Chuma hakiingii hemani, maana sindano ya sumaku hukifuata. Funguo, visu, mikanda, vyote kapuni kando ya njia. Salumu mpishi anashika suruali kwa mkono mmoja, anakoroga chai kwa mwingine.

Jumanne, 7 Agosti
Bibi yangu amesikia kwamba hema liko karibu na makaburi ya kale. Hakupenda. Jioni ameshona pindo la gauni langu. Sikujua kama limefumuka.

Jumatano, 8 Agosti
Asubuhi mbaya. Kila nilipokaribia, sindano iliyumba. Bwana akafuta kazi yote. Akauliza nani ana chuma.
"Mimi nimebaki na meno tu, Bwana," Salumu akasema.
Pindo likanigonga mguuni. Zito. Nikaenda mikokoni kama mwenye haja, nikakata uzi kwa meno. Kipande cha chuma, kimeliwa na kutu. Niliona haya. Nikakitupa topeni, mbali. Sindano ikatulia. Bwana akacheka, akasema dunia nzima ni sumaku moja kubwa. Nimerudi nyumbani na furaha.

Alhamisi, 9 Agosti
Bibi amepapasa pindo. Nimemwambia. Amekaa chini palepale.
Ni kipande cha kisu kilicholala chini ya mto wangu nilipozaliwa, kunikinga na pepo siku za arobaini. Mama alikiweka kwa mkono wake. Arobaini haikuisha, akafariki. Bibi amekitunza tangu hapo.
"Ungeniambia kinakusumbua, mjukuu wangu, ningekitoa mwenyewe."
Hakugomba. Afadhali angegomba.

Ijumaa, 10 Agosti
Maji yalipokupwa nimechimba tope kwa mikono. Makombe na mizizi tu. Ndipo nikawaza: sindano ile inakijua. Bwana akiipitisha juu ya tope, itakigeukia. Nimepanga maneno njia nzima. Nimesimama mlangoni mwa hema.
"Una neno, binti?"
"Sina, Bwana."
Mjinga mimi. Mjinga.

Jumamosi, 11 Agosti
Wamefunga masanduku, wamekwenda Sadani. Salumu amevaa mkanda wake, akanipungia mikono yote miwili. Sindano imekwenda nao.

Jumapili, 12 Agosti
Nimefua gauni. Nyuzi nilizokata kwa meno bado zinaning'inia. Bibi amekuja na mkasi. Nimemwomba aziache.