Mipira ya Kushoto

Jumapili, 1 Novemba 1953

Misa ya kwanza, kisha lituma, ndizi za kupondwa, na samaki kidogo. Siku ya mechi sili zaidi ya hapo. Nimefunga vifundo vya miguu kwa kitambaa, wa kulia kwanza, kama kawaida. Kabondo wamekuja kwetu. Matope hadi magotini. Tumeshinda 3–1.

Mbenga, timu yetu, iko ya pili katika divizio ya pili. Tshopo wanatuzidi pointi mbili. Zimebaki mechi nne, na atakayemaliza wa kwanza ndiye peke yake atapanda. Miaka tisa nalinda golo la Mbenga na hatujawahi kupanda. Mwaka huu tunapanda.

Goli la Kabondo lilitoka kushoto. Si kwamba nilichelewa. Sikuuona mpira mpaka ulipokuwa umeshanipita. Agustini, kapteni wetu, akaniuliza kuna nini. Nikasema jua.

Hakukuwa na jua.

Jumatatu, 2 Novemba

Karakana. Madawati ya shule, bado ishirini. Maseremala wenzangu walipokwenda kula, mimi nilibaki. Nikafunika jicho la kulia kwa kiganja. Dirisha likawa kama kitu kilichozama mtoni baada ya mvua. Nyundo ilikuwa juu ya meza, upande wa kushoto. Sikuiona. Nikageuza kichwa. Ipo.

Naijua hii. Mimi ni mtoto wa maporomoko ya mto, na kwetu wazee wengi wanatembea na fimbo. Tonton Basele, mdogo wake baba, zamani hakuna aliyemshinda kupanda juu ya miti ya mitego ya samaki, maji yakinguruma chini. Leo anashikwa mkono kwenda uani. Kwanza ngozi inawasha, miaka mingi. Halafu macho. Ngozi yangu inawasha tangu siku nyingi.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Mechi nne. Sitamwambia mtu.

Alhamisi, 5 Novemba

Mazoezi. Nimebadilisha namna ya kusimama. Hatua moja karibu na mlingoti wa kushoto, uso umegeuka kidogo. Hivyo jicho la kulia linashika karibu uwanja wote. Kati ya mipira ishirini nimedaka kumi na saba. Inatosha.

Aliyekuwa anapiga ni Saidi, golikipa wa akiba. Mshonaji wa nguo, baba wa watoto wawili, mtu wa zile familia za Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara. Miaka mitatu anangoja nafasi yangu na sijamsikia akinung'unika. Leo alikuwa ananitazama mno. Sikupenda.

Jumapili, 8 Novemba

Lubunga, ng'ambo ya mto. 1–1. Kona ya mwisho kabisa, kutoka kushoto. Niliruka juu kuliko wote nikadaka hewa. Watu wao walicheka. Watu wetu walinyamaza, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kwenye pirogi, ule mtumbwi wa kurudi, Agustini alikuja kukaa karibu nami. Nilidhani ana neno. Akainama, akaninusa mdomo. Mbele ya wote. Anatafuta lotoko! Mimi, ambaye sijagusa pombe kali tangu siku ya ndoa yangu. Niligeuza uso nikatazama maji.

Tshopo wameshinda. Sasa pointi tatu.

Jumanne, 10 Novemba

Veronika, mke wangu, ameambiwa sokoni kwamba nalewa. Ameweka sahani ya sombe, majani ya muhogo, mezani kwa kishindo.

"Papa Lusia," akasema, maana ananiita kwa jina la binti yetu, "kama uko unakunywa, kunywa hapa nyumbani. Nikuone."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilipoinuka kiwiko kikagonga jagi la maji. Lilikuwa kushoto. Maji yote chini. Sasa anaamini kabisa.

Afadhali aamini hivyo.

Hapana, si afadhali. Lakini zimebaki tatu.

Alhamisi, 12 Novemba

Saidi amekuja karakana. Alisubiri mpaka niweke msumeno chini, akaniita Yaya, kaka, kama wachezaji wote wanavyoniita.

"Yaya Rafaeli, jicho yako ya kushoto aioni."

"Nani amekuambia?"

"Shingo yako. Unapindua kichwa sawa kuku."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nilimuuliza kama anataka golo langu. Akasema ndiyo, anataka. "Ila nataka unipe na mukono yako. Sitaki kuiokota sababu umeanguka."

Nikaokota msumeno tena. Halafu akatoa shauri. Kule Yangambi, kwenye mechi ya Jumapili, atasimama nyuma ya golo. Mpira ukitoka kushoto, ataita. Mimi niruke kwa kusikia.

Ni wazimu. Nimekubali.

Jumamosi, 14 Novemba

Mashua kwenda Yangambi. Mvua asubuhi, kisha mto umetulia, mpana, rangi ya chai. Mikaeli ameimba njia nzima. Huyu ni beki wetu wa kushoto, mpakiaji wa magunia bandarini, kifua kama mlango. Anacheka kabla hujamaliza kusema. Amenipa nusu ya kwanga yake, mkate wa muhogo, bila kuuliza kama nina njaa. Yeye hajauliza pia kama nalewa.

Kesho tunashinda. Sitaki kuandika kitu kingine.

Jumapili, 15 Novemba

1–0. Tumeshinda.

Saidi alisimama nyuma ya golo kama mtu anayepunga upepo tu. Mara tatu aliita "Kushoto!" Mara tatu niliruka. Mara tatu nikaupata mpira, mara moja kwa ncha za vidole. Nilifurahi kama mjinga. Nikawaza: naweza kucheza hivi miaka mingine mitano.

Mwisho kabisa akaita tena. Nikatoka, ngumi mbele, kwa nguvu zangu zote. Nikagonga kitu. Si mpira.

Uso wa Mikaeli. Alikuwa ameshafika, ameshainua kichwa auondoe mpira. Alikuwa upande wangu wa kushoto, hatua moja tu kutoka kwangu, na mimi sikujua kama yuko. Saidi aliuita mpira. Hakuwa na nafasi ya kumuita na mtu.

Pua imevunjika. Nilisikia ikivunjika. Mpira ukatoka nje, filimbi ikalia, na watu wetu wakaja kunibeba mabegani. Kunibeba!

Baadaye Mikaeli akanifuata, kitambaa puani, damu hadi kwenye mkanda.

"Unisamehe, Yaya. Niliingia mu njia yako."

Ameniomba msamaha yeye.

Jumatatu, 16 Novemba

Mashua ya kurudi, polepole, maji yanatupinga. Bandarini tukapata habari: Tshopo wamefungwa. Pointi moja tu. Kelele, nyimbo. Agustini amenishika bega, akasema alikosea kuninusa.

Mikaeli hakuimba. Alilala juu ya magunia anapumua kwa mdomo, uso umevimba kama mkate. Nilikaa kando yake siku nzima na sikumwambia.

Mimi ni mwoga. Si kwa sababu ya jicho.

Jumanne, 17 Novemba

Nimemwambia Veronika. Alikuwa anapara magamba ya samaki. Hakuacha, alimaliza samaki wote. Akanawa mikono. Akasimama upande wangu wa kushoto.

"Vidole ngapi?"

Nikamwambia hata mkono siuoni.

Akakaa chini. "Na miye nilikutukana juu ya pombe," akasema. Nikasema alikuwa na haki. Akasema hapana, hakuwa nayo, na mimi nilimwacha hivyo wiki nzima, na hilo halitaisha leo. Kweli. Halafu akauliza daktari anakuwa lopitalo siku gani. Alhamisi. Akasema tutakwenda wawili.

Alhamisi, 19 Novemba

Tumekwenda. Daktari amenikata kijipande cha ngozi kiunoni, akakiweka majini, akaniambia nitazame kwenye kioo chake cha kukuzia. Nilitazama kwa jicho la kulia. Nyuzi ndogo. Zinacheza.

Ni minyoo, amesema, na visubi ndivyo vinavyoileta. Vile vidogo vyeusi vinavyouma watu pale maporomokoni. Sisi siku zote tulisema ni moshi wa maji. La kushoto halitarudi. La kulia lina alama tayari, lakini hilo tutalipigania. Dawa ni kali, mwili utawaka. Wengine wanaiacha siku ya pili.

Nimesema nipe. Sitaiacha.

Ijumaa, 20 Novemba

Leo Agustini. Nimemwambia yote, na pua ya Mikaeli pia.

"Juu ya nini haukuniambia? Nilinusa mudomo yako sawa polisi!" Alitembea mpaka kwenye ukuta akarudi. Kisha akatulia, na akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Bon. Zimebaki mbili. Saidi anasimama nyuma, sawa kule Yangambi. Tulishinda, ama?"

Ninakiri: moyo uliruka. Mechi mbili, na tunapanda, na mimi golini. Nilikuwa nimetaka hivyo mwezi mzima. Miaka tisa.

Nikasema hapana. Akaniomba. Nikasema hapana mara ya pili, na hiyo ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Kutoka hapo nimekwenda kwa Saidi. Alikuwa kwenye cherehani. Nimempa jezi kwa mkono wangu. Akaigeuza, akaangalia mshono uliofumuka kwapani, akaanza kuushona palepale. Hakuniangalia, wala mimi sikutaka aniangalie.

Mikaeli bado.

Jumapili, 22 Novemba

Dawa. Mwili mzima unawaka kama nimelala juu ya siafu. Uso umevimba. Siwezi kuvaa shati, sembuse kwenda uwanjani. Mechi tunacheza kwetu, na kutoka kitandani nasikia kelele za watu. Sijui ni furaha ya nani. Hakuna adhabu kama hiyo.

Veronika amekwenda badala yangu. Hajawahi kuona mechi hata moja. Akarudi, viatu matope.

"Wetu wamepiga mbili. Wale wengine hawakupiga kitu. Mutu ya filimbi iko na miguu nyembamba sana."

"Na Saidi?"

"Alianguka mingi."

"Alianguka na balo ama bila balo?"

Akafikiri. "Na balo."

Basi, mpira aliushika. Nimelala.

Jumatano, 25 Novemba

Nimesimama. Miguu kama ya ndama. Tshopo nao walishinda Jumapili, kwa hiyo ni pointi moja bado, na Jumapili hii ni sisi na wao. Sare haitusaidii.

Nimemwita Saidi uwanjani kabla hajaenda kwenye cherehani. Chini yuko vizuri kuliko mimi. Mipira ya juu anaiogopa, anafumba macho. Nimemrushia mia. Kila nilipoinua mkono ngozi ilitaka kupasuka. Nikarusha tena. Mwishoni alikuwa anafumba jicho moja tu. Tukacheka wote wawili.

Jumapili, 29 Novemba

Tshopo 1, Mbenga 1. Hatukupanda.

Nimekaa pembeni, kwenye mabenchi, kati ya watu. Mara ya kwanza kuitazama Mbenga kutoka pembeni. Sikujua kama uwanja ni mpana hivi. Sikujua kama Agustini anakimbia kiasi hicho nisipomwona, wala kama Mikaeli hunyanyua mkono kuwapanga wenzake hata akiwa nje. Leo hakucheza, alikaa safu mbili mbele yangu, plasta puani.

Tulifunga sisi kwanza. Saidi aliokoa penalti, chini, kulia, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kisha ule mpira. Kipindi cha pili, juu, kutoka kushoto. Saidi alitoka, akasita, ukampita kichwani. Tulishambulia hadi mwisho. Mlingoti mara moja. Filimbi.

Mtu nyuma yangu akasema kwa sauti: "Kama Rafaeli alikuwa mu golo, ile balo aingeingia." Wengine wakaitikia. Saidi alikuwa anatoka uwanjani, karibu kabisa. Alisikia.

Nilisimama juu ya benchi.

"Rafaeli ni miye," nikasema. "Jicho yangu ya kushoto imekufa. Ile balo nisingeiona hata kidogo. Na kule Yangambi sikumwona Mikaeli. Pua yake ni miye niliivunja, hapana yeye aliingia mu njia yangu."

Mikaeli aligeuka, akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akainuka akaenda zake.

Tutapanda mwaka ujao. Mbenga itapanda, nami nitakuwa pale pembeni, kwenye benchi.

Jumatatu, 30 Novemba

Baada ya kazi nimekwenda kwa Mikaeli. Alikuwa barazani anamenya ndizi. Nikamwambia tena, kwake peke yake, polepole. Nikamwambia pia kwamba kwenye mashua nilikuwa na siku nzima ya kusema na nikanyamaza.

Aliendelea kumenya.

"Ile siku nzima," akasema, "ndiyo inaniuma. Pua itapona."

Nikasema najua.

Akamaliza ndizi, akaniuliza kama naweza kuangalia mlango wake. Tangu mvua zianze haufungi. Nikaushusha kwenye bawaba, nikaulaza juu ya viti viwili. Yeye akashika upande mmoja. Nikapiga randa ukingo wa chini, taratibu, napapasa kwa kidole pale nisipoona vizuri. Mkewe akaleta chai. Hatukuzungumza habari za mpira.

Mlango unafunga sasa. Nimerudi nyumbani kabla ya mvua, nikameza dawa.