Mgomo wa koo thelathini

Fanny weye, Ezéchiel mwenyewe anakubali: mjinga wa leo alikuwa yeye.

Unajua wapagazi wa bandari ya Kalundu hawapakii boti bila wimbo, na yeye ndiye anayeuongoza. Basi tangu juzi wote thelathini wanabeba kimyakimya, kwa sababu patron, bosi wao, amekataa kuwapa glavu. Bila wimbo hatua hazipatani, boti moja inakula siku mbili!

Leo patron kamleta mama Blandine, inspekta wa kazi, akamwonyesha Ezéchiel kwa kidole: "Huu ni mgomo bila taarifa. Huyu namfukuza!"

Ezéchiel angesema koo linamuuma. Koo tu, Fanny! Yeye akatoa kifua mbele: "Mama, ni mimi niliwaambia wanyamaze mpaka glavu zije."

NILIWAAMBIA. Mbele ya inspekta! Patron akacheka mpaka magego yakaonekana. Ezéchiel akaona kazi yake inazama ziwani.

Mama Blandine akauliza kama kuna gunia walilokataa kubeba. Hakuna.

"Patron, mgomo ni watu kuacha kazi kwa pamoja. Kama kuimba ni kazi, nionyeshe kwenye mkataba wao. Kama si kazi, hawa wameacha nini?"